Jinsi Nilivyojifunza Kutia Serumu

Mwaka jana nilipopita shuleni kuwaamkia walimu wangu, kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ya kuwa mimi ni mwuguzi katika mji wa Bujumbura. Akatabasamu, kisha akasema, "Kumbe kaka, na wanaume huwa manesi?" Kabla sijamjibu akatoa swali la pili, nalo lilikuwa na maana zaidi kuliko la kwanza: "Ile sindano ya maji, mnajuaje mshipa uko wapi?" Hapo kengele ikalia, naye akakimbilia darasani. Basi haya ninayoandika ni jibu langu kwake, na kwa kila mwanafunzi anayefikiri kuishika kazi hii siku moja. Nanyi wanafunzi wa zamani msiyapite, maana hakuna ajuaye ni lini atanyosha mkono wake mbele ya mwuguzi.

Kwanza niwaeleze mahali nilipo. Mji wa Bujumbura uko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika ncha yake ya kaskazini. Zamani za Wajerumani na Wabelgiji uliitwa Usumbura, na jina la sasa ulilipata mwaka 1962, nchi ya Burundi ilipopata uhuru. Tangu 2019 makao makuu ya kisiasa ni Gitega, lakini Bujumbura ndio mji mkubwa kuliko yote ya nchi hii, na ndio mji wa biashara. Mimi nilizaliwa katika mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili husemwa toka barazani hata sokoni, nikaletwa kwa mjomba wangu kusoma huko kwenu. Nilipomaliza nilirudi nyumbani nikaingia shule ya uuguzi. Katika wodi zetu mtu hujikuta akiandika Kifaransa, akimfariji mgonjwa kwa Kirundi, na kutaniana na wenzake kwa Kiswahili. Kitu kile ambacho Tanzania huitwa dripu, huku kwetu huitwa serumu. Basi nami nitakiita hivyo.

SERUMU NI KITU GANI

Serumu ya kawaida ni maji safi yasiyo na vijidudu, na ndani yake mna chumvi gramu 9 katika kila lita. Kipimo hiki hakikuchaguliwa ovyo. Chembe nyekundu za damu yetu zaelea ndani ya majimaji yenye chumvi. Ukizitia katika maji matupu zitayanywa mpaka zipasuke. Ukizitia katika chumvi kali zitanyauka. Kwa kipimo cha gramu 9 hazipasuki wala hazinyauki. Kuna serumu nyingine iitwayo Ringer, ambayo imeongezwa potasiamu na madini mengine, nayo ndiyo tunayoipenda zaidi kwa wagonjwa wa kipindupindu. Tena kuna ile yenye sukari.

Njia ya kwanza ya kumpa mtu maji ni kinywa chake. Mshipa ni njia ya pili. Tunaitumia kwa mtu anayetapika kila anywapo, au aliyezimia, au aliyepoteza maji au damu nyingi hata hapana muda wa kungoja tumbo lifanye kazi yake. Tunaitumia pia kwa dawa zinazotakiwa kufika katika damu upesi, kama vile atesuneti kwa malaria kali.

Nasema hivi kwa sababu wako watu wengi mjini wanaokuja kuomba serumu wakiwa wamechoka tu, wakiamini ya kuwa inaongeza nguvu. Lita moja ya serumu ya sukari ya asilimia 5 ina sukari gramu 50, yaani kama vijiko kumi hivi vya chai. Uji wa asubuhi na muhogo wenye maharage vitamfaa mtu huyo zaidi, wala havitamtoboa ngozi.

WALIOTUTANGULIA

Mwaka 1628 mganga mmoja Mwingereza, jina lake William Harvey, alitoa kitabu kilichoonyesha ya kuwa damu huzunguka mwilini: hutoka moyoni kwa mishipa ya ateri, na kurudi moyoni kwa mishipa ya vena. Ushahidi wake mmoja waweza kuuona wewe mwenyewe bila chombo chochote. Mwombe mwenzako akufunge kitambaa juu ya kiwiko, kisikaze sana. Mishipa ya mkono itavimba, na utaona mahali mahali pana vifundo vidogo. Weka kidole kimoja juu ya mshipa, chini ya kifundo. Kwa kidole kingine sukuma damu kwenda juu mpaka ukipite kifundo hicho. Utaona ya kuwa sehemu ile imebaki tupu, na damu ya juu haishuki. Vifundo vile ni milango ifungukayo upande mmoja tu, kuelekea moyoni. Ukiinua kidole cha kwanza, damu itapanda kutoka chini na kuujaza mshipa. Ukimaliza, kifungue kitambaa mara moja.

Jambo hili si mchezo wa darasani tu. Kwa sababu ya milango hiyo sisi huingiza sindano ikielekea moyoni, na kwa sababu hiyo hiyo kijirija chetu mara nyingine hukwama njiani ingawa kimekwisha ingia vizuri.

Mwaka 1832 kipindupindu kiliwaua watu wengi Uingereza. Katika bandari ya Leith, Uskochi, daktari Thomas Latta alithubutu kutia maji ya chumvi katika mshipa wa mama mmoja mzee aliyekuwa karibu kukata roho. Uso wake uliokuwa umenyauka ukajaa, mapigo yakarudi, akasema anajisikia vema. Latta alimwacha chini ya ulinzi wa mwenzake. Lakini kuhara na kutapika kukarudi, maji hayakuongezwa, na baada ya saa tano na nusu yule mama akafa. Baadaye wagonjwa wengine wa Latta walipona. Mimi hukumbuka habari hii kila ninapoona mwuguzi ametundika chupa na kuondoka bila kutazama nyuma. Kuupata mshipa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukaa macho.

SIKU NILIYOONA HAYA

Katika shule ya uuguzi tulijifunzia juu ya mkono wa mpira. Mkono wa mpira haulii, hautetemeki, wala hauna mama aliyeketi kando yake. Nami niliusifiwa mkono ule, nikapata alama nzuri.

Kisha nilipelekwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Bahati yangu, au bahati mbaya yangu, ilikuwa ya kuwa wagonjwa wangu wa kwanza walikuwa vijana wapakiaji mizigo, watu wenye mishipa iliyotutumka kama kamba. Nikawapata mmoja baada ya mwingine, nikaanza kutembea wodini kama jogoo. Waswahili husema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Usiku mmoja akaletwa mtoto wa kiume, umri wake kama miaka miwili, ana malaria kali, amelegea mikononi mwa mama yake. Nilikuwa peke yangu upande ule wa wodi. Nikamfunga mpira mkononi, nikachoma, nikakosa. Nikachoma mara ya pili, mshipa ukapasuka na mkono ukavimba. Hapo ilinipasa kuita. Mwuguzi mkubwa alikuwa chumba cha pili, hatua ishirini tu. Lakini niliona haya. Nilijiambia, "Mara moja tu zaidi." Nikachoma mkono wa pili, kisha mguu. Mama yule hakusema neno lo lote. Alikuwa akimshika mtoto wake na machozi yakimwanguka juu ya kanga.

Mara ya nne nilipokosa, mlango ukafunguka. Yule mama mwuguzi mkongwe alikuwa amesikia kilio cha mtoto kimebadilika kuwa kidogo mno, naye alijua maana yake. Hakunigombeza. Alivuta kiti akaketi. Akamsemesha mama kwa Kirundi, "Ihangane," yaani jikaze, stahimili, pole. Akalowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu akaufunga nacho mkono wa mtoto, akangoja. Mimi niliona kungoja kule kama mwaka mzima. Kisha akakifungua kitambaa, akapapasa kwa kidole, akauvuta mkono ngozi ikanyoka, akaingiza kanula ndogo ya manjano mara moja tu. Dawa ikaingia.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini asubuhi nilipopita na sinia yangu kumpa dozi nyingine, mama yake alinigeuzia mgongo, akamkumbatia mtoto, akawaambia wenzangu, "Huyu hapana." Sikuwa na la kujibu. Alikuwa na haki.

Jioni yake yule mwuguzi mkongwe aliniita nje, chini ya mwembe. Akaniambia, "Mwanangu, kukosa mshipa si aibu, hata mimi nakosa. Aibu ni kwamba nilikuwa hatua ishirini na hukuniita." Akanipa amri ambayo naishika mpaka leo: choma mara mbili tu, ukikosa mara ya pili, weka sindano chini, mwite mwenzio. Mwili wa mgonjwa si daftari la kujifunzia mwandiko.

JINSI YA KUFANYA

Tangu siku ile alinifundisha upya, toka mwanzo, kama mtoto anayefundishwa herufi. Nitawaandikia kwa utaratibu wake. Wala mtu asidhani ya kuwa akisoma haya ameruhusiwa kumchoma mtu. Kazi hii hufanywa na aliyefundishwa, chini ya macho ya aliyemtangulia.

Kwanza, sema na mgonjwa. Mwamkie, hakikisha jina lake, mweleze utakalofanya. Mtu mwenye hofu mishipa yake hunywea, na aliyetulizwa mishipa yake hutulia.

Pili, keti. Tayarisha vitu vyote karibu nawe kabla ya kuanza: kanula, mpira wa kufungia, pamba na spiriti, plasta, serumu iliyokwisha tolewa hewa katika mrija wake, na sanduku la sindano zilizotumika. Aliyeinama mgongo huku akitafuta plasta kwa mkono wa kushoto, sindano yake haiwezi kutulia.

Tatu, chagua kanula. Hiki ni kijirija chembamba cha plastiki kilichovikwa juu ya sindano. Sindano hutoka, kijirija hubaki. Rangi yake huonyesha unene: ya chungwa ni namba 14, ya kijivu 16, ya kijani 18, ya waridi 20, ya buluu 22, ya manjano 24. Namba ikizidi kuwa kubwa, kanula huzidi kuwa nyembamba. Ya manjano ni ya watoto na wazee wenye mishipa dhaifu. Ya kijani na zaidi ni ya mtu anayevuja damu au aliyekaushwa na kipindupindu.

Nne, funga mpira juu ya mahali unapotafuta, kadiri ya upana wa kiganja. Usikaze kupita kiasi: mapigo ya kifundo cha mkono lazima yaendelee kusikika, kwa sababu ukizuia damu isishuke, mishipa itajazwa na nini? Mwache mgonjwa auning'inize mkono chini na kufumba ngumi. Usiuache mpira zaidi ya dakika moja au mbili.

Tano, tafuta kwa kidole. Hili ndilo jibu la swali la yule kijana. Picha nyingi za vitabu vya Ulaya zaonyesha mistari ya buluu juu ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi zetu mara nyingi hutaona mstari wo wote, na mshipa ulio bora waweza kuwa ule usioonekana kabisa. Vena ikibonyezwa hubonyea na kurudi, kama mpira wa ndani wa baiskeli uliojazwa kidogo. Kano ni ngumu, na hucheza mgonjwa achezeshapo vidole. Ateri hupiga, hiyo usiiguse. Yule mwuguzi alinifanya nifumbe macho na kupapasa mikono ya wenzangu mpaka niweze kusema, "Hii ni vena, hii ni kano." Tulifanya hivyo usiku mwingi kazi ilipopungua.

Sita, anzia chini, upande wa kiganja, ukipanda juu. Ukitoboa juu kwanza ukakosa, mshipa ule ule ukiutumia chini utavujia katika tundu la juu. Chagua palipo nyoka, mbali na kiungo na mbali na kifundo cha Harvey.

Saba, safisha ngozi kwa spiriti, uiache ikauke yenyewe. Usiipulize, wala usipaguse tena kwa kidole.

Nane, vuta ngozi kuelekea chini kwa kidole gumba ili mshipa usikimbie. Ingiza sindano, mdomo wake uliokatwa mshazari ukitazama juu, kwa kulaza, si kwa kusimamisha. Damu ikionekana katika kikombe cha nyuma, usishangilie bado. Hapa ndipo wengi hukosea. Ncha ya sindano imekwisha ingia, lakini kijirija kiko nyuma yake kidogo. Basi laza sindano zaidi, sogea mbele kadiri ya upana wa punje ya mchele, kisha ishike sindano isiende, ukisukume kijirija peke yake mpaka mwisho.

Tisa, legeza mpira kabla hujatoa sindano, ubonyeze mshipa mbele ya ncha ya kijirija ili damu isimwagike. Sindano iende moja kwa moja katika sanduku lake. Usijaribu kuirudishia kifuniko, kwani wauguzi wengi wamejichoma kwa njia hiyo, na katika damu ya mtu mwaweza kuwamo virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni, toa habari saa ile ile. Dawa ya kinga ya UKIMWI yapasa kuanzwa mapema iwezekanavyo, wala isipite saa 72.

Kumi, sukuma maji kidogo na utazame. Pakivimba au mgonjwa akilalamika maumivu, toa, kwani maji hayamo mshipani. Pakiwa salama, bandika plasta, andika tarehe na saa, na urudi kupatazama mara kwa mara.

DAFTARI LANGU

Mwuguzi mkongwe alinipa na kazi ya nyumbani. Nilinunua daftari dogo, nikawa naandika kila jaribio: mahali, rangi ya kanula, nimepata au nimekosa, na kwa nini. Sikuandika jina la mgonjwa. Kila Jumamosi tulilisoma pamoja.

Nilidhani makosa yangu yatakuwa ya macho. Kumbe sivyo. Baada ya wiki chache daftari lilionyesha makosa matatu yakijirudia: sikuivuta ngozi, nilisimama badala ya kuketi, na niliposhangilia damu nilisukuma kijirija kabla ya wakati. Hayo yote yalitokana na ugonjwa mmoja, yaani haraka. Nikayarekebisha moja moja, wiki moja kosa moja. Mwezi wa tatu mistari ya "nimekosa" ilikuwa imepungua sana. Haikuisha, na mpaka leo haijaisha.

Wengi huniuliza, "Ulipata wapi ujasiri?" Mimi naona swali hili limegeuzwa kichwa chini. Wanafunzi wengi hungoja wawe na ujasiri ndipo waishike sindano, na wengine hujifanya wanao. Ujasiri wa kweli huja nyuma ya kazi, kama kivuli kinavyomfuata mtu. Ukifanya hatua zile kwa utaratibu, siku moja utageuka nyuma na kukuta ya kuwa hofu imepungua, wala hujui iliondoka lini.

HESABU YA MATONE

Ninyi mnaochukia hesabu, hapa hamtaponyoka. Mrija wetu wa kawaida hutoa matone 20 katika kila mililita. Daktari akiandika lita moja kwa saa 8, mwuguzi ataweka matone mangapi kwa dakika? Mililita 1000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, utapata 42 kasoro kidogo. Basi mwuguzi husimama na saa yake, akihesabu matone na kukaza au kulegeza kigurudumu mpaka yawe 42. Akikosea, mzee mwenye moyo dhaifu aweza kujaa maji mapafuni.

MWAKA WA KIPINDUPINDU

Tarehe 1 Januari 2023 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu pale Bujumbura na jirani zake. Ugonjwa huu si mgeni katika nchi za ziwani. Mwaka 1994, ng'ambo ya pili ya Mto Ruzizi na kaskazini zaidi, uliwaua maelfu ya wakimbizi katika makambi ya Goma, Kongo.

Wagonjwa wengi wa kipindupindu hawahitaji sindano. Wakinywa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa vizuri watapona. Daktari Dilip Mahalanabis alilithibitisha jambo hili katika makambi ya wakimbizi wa Bangladesh mwaka 1971, serumu ilipomwishia. Lakini aliyekauka kabisa hawezi kungoja.

Jioni moja waliletwa wagonjwa kadhaa, na mmojawapo alikuwa mvuvi wa ndagala, mtu wa kilo 60 hivi. Macho yalikuwa yamezama, ngozi ya tumbo ukiivuta yabaki imesimama, na mapigo ya mkononi hayakusikika. Kanuni ya mtu mzima wa hali hii ni mililita 100 kwa kila kilo: lita 6 kwa saa tatu, na kati ya hizo lita 1.8 ziingie katika nusu saa ya kwanza. Hapo hapana tena kuhesabu matone, maji yapasa kutiririka, na kanula ya manjano haiwezi kuyapitisha. Nilihitaji ya kijani au ya kijivu. Na mtu aliyepoteza maji yote hayo mishipa yake imelala kama nguo iliyokamuliwa.

Niliketi. Nikapapasa mkono wa kulia, nikahisi kitu chembamba, nikachoma, nikakosa. Nikaenda mkono wa kushoto. Nikakosa tena. Nikasikia ndani yangu ile sauti ya zamani ikisema, "Mara moja tu zaidi, wewe ndiwe mkubwa wa zamu." Nyuma yangu alikuwa binti mmoja mwuguzi, hajatimiza mwaka kazini, niliyemfundisha mwenyewe kufumba macho na kupapasa. Nikaweka sindano chini. Nikamwambia, "Dada, njoo wewe."

Akaja, nami nikampisha kiti. Hakuharakisha hata kidogo, ingawa nilitamani aharakishe. Akapapasa katika kiwiko, akachoma, damu ikaonekana, nyeusi na nzito. Akalaza, akasogea kidogo, akasukuma kijirija. Serumu ikafunguka ikaanza kutiririka, nasi tukaiminya chupa kwa mikono. Baada ya dakika chache, maji yalipoanza kuijaza mishipa, mimi nikapata njia ya pili katika mkono mwingine. Haikuisha nusu saa, nikahisi mapigo yakigusa kidole changu, dhaifu kama kifaranga ndani ya yai. Kabla ya usiku wa manane mvuvi yule aliomba maji ya kunywa, na baadaye akauliza nani amebaki na mtumbwi wake.

Niliporudi nyumbani alfajiri nilimkumbuka yule mama aliyenigeuzia mgongo. Sijui kama angenikubali sasa. Lakini nadhani angeona ya kuwa somo alilonipa halikupotea, maana safari hii niliita mapema.

Basi, ndugu yangu wa kidato cha tatu, haya ndiyo majibu yako. Ndiyo, wanaume huwa wauguzi. Mgonjwa aliyekauka haulizi mkono unaomtafutia mshipa ni wa nani. Na mshipa tunaujua kwa kidole, kwa subira, na kwa kumwita mwenzetu tunaposhindwa. Ukitaka kuanza leo, jifunze biolojia na hesabu kwa bidii, jifunze kuketi na kutulia, na ukikwama katika somo mwulize mwalimu kabla ya kosa la tatu. Kuuliza si ujinga. Siku ukipita Bujumbura ufike Buyenzi, nitakukaribisha ndagala na ugali, nawe utanyosha mkono nikuonyeshe vifundo vya Harvey.